Mkuyu wa Sista wa Kisorya

Mimi ni fundi cherehani hapa Kigera, Musoma, na nje ya kibanda changu nimepanga miti midogo. Ni mikuyu niliyoing'oa ikiwa michanga kwenye nyufa za mawe karibu na ziwa. Unaupunguza mti mizizi, unaukata matawi, unaukunja shina kwa waya, na mti unazeeka kwenye bakuli ukiwa na kimo cha chupa ya soda. Ndiyo bonsai. Nilijifunza kwenye simu. Majirani wananiambiaga nimeidumaza.

Siku moja alikuja sista anayesimamia nyumba ya masista wazee kule Bunda. Alileta mashuka ya kupinda, lakini akabaki anatazama miti.

"Mama, unaweza kuwafundisha wazee wangu?" aliuliza. "Wanasali, wanakula, halafu wanakaa tu."

Jumamosi nikaenda na beseni la miche. Masista walinipokea barazani, kila mmoja akachagua mche wake, isipokuwa mmoja aliyekaa peke yake kwenye kona. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru yote. Zamani alikuwa mkunga Kisorya.

"Na mimi?" aliuliza.

"Sista, kuna mikasi hapa," msimamizi akamjibu kwa upole. "Utajikata."

"Nimekata vitovu vya watoto wa Kisorya taa ikiwa imezima. Nipeni."

Nikampa mche kwenye bakuli lake, pamoja na mkasi. Aliupapasa taratibu, kuanzia mizizi hadi majani. Nikamwelekeza tawi dogo la chini, akakata. Masista wakaguna.

"Nimekata nini?"

Niliwaza kumdanganya, nikashindwa. "Umekata kilele, Sista. Majani yote yameenda nacho."

"Basi nimeua," alisema. Msimamizi alinyoosha mkono kulipokea bakuli, lakini yeye akalikumbatia.

"Mkuyu haufi upesi," nikamwambia. "Uweke dirishani. Ukigusa udongo umekauka, mwagilia." Kusema kweli, sikuwa na uhakika. Mche ulikuwa mdogo mno.

Nikawa naenda kila Jumamosi niliyopata nafasi. Miti ya wenzake ilikuwa inachangamka. Wake ulibaki kijiti. Aliumwagilia kila siku na kuuliza kama kuna kitu wanaona. Masista wakawa wanaogopa kumjibu. Mwishowe msimamizi akanivuta pembeni, akaniomba nilete mche mwingine tuubadilishe kimyakimya, maana yule haoni.

Niliupeleka kweli, kwenye mkoba wangu. Lakini nilipofika mlangoni kwake nilimkuta ameketi na bakuli mapajani, vidole vikipita juu ya kile kijiti, fundo baada ya fundo, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Ningemdanganyaje? Alikuwa anakijua kijiti kile kuliko mimi. Nikakaa naye kidogo, tukaongea habari za mvua, nikarudi Musoma na mche wangu.

Mvua zilipokolea, simu ikaita. "Anakutaka," msimamizi aliniambia. "Hataki kutueleza kwa nini."

Nilipofika, Sista alinishika kidole akakiweka kwenye shina. Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya uwele.

"Hapa," alisema. Akakisogeza upande wa pili. "Na hapa. Mapacha, mwanangu. Huyu ametangulia, huyu mwingine anajivuta, lakini anakuja."

Yalikuwa machipukizi mawili. Alinipigapiga mgongoni.

"Sasa niambie, tunafanyaje?"

"Kwa kawaida tunachagua mmoja awe kilele," nikasema. "Mwingine tunamkata."

Alifikiri, huku kidole chake kikienda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine.

"Hawa hatuwakati," alisema.

Mkuyu wake una vichwa viwili sasa, na umepinda kidogo upande wa dirisha. Bonsai za wenzake ni nzuri zaidi kwa sura. Asubuhi anautoa mwenyewe juani, mkono mmoja umeshika bakuli, mwingine unapapasa ukuta, na masista wanampisha apite.