Begi la Wegesa

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, siku Mama Mkubwa alipofika nyumbani kwangu Musoma akamwaga mabegi yetu yote kwenye mkeka. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia kikundi chetu cha maziwa kimekuchagua kwenda Albania, kule milimani, kujifunza jibini kwa wafugaji wa kondoo. Nimesikia pia umeshaanza kununua nguo. Kaa kidogo basi. Njia hiyo mimi niliipita wakati wewe bado unanyonya.

Wewe unanijua. Shule niliishia darasa la nne kule Mugeta, nikaenda kuchunga. Baadaye nikapata baiskeli, nikafunga madumu ya maziwa, nikasukuma mpaka Bunda mjini, jua na mvua. Leo lile gari la maziwa linalopita Butiama kila asubuhi ni la nani? La kwangu. Nyumba ya vigae unayoiona ni ya nani? Sijivuni, nasema kilichopo. Nataka ujue kwamba anayekusimulia hofu hapa si mtu mwoga. Fisi nimewahi kumfukuza zizini na rungu, peke yangu, na wenye macho waliona. Lakini safari ile niliiogopa toka siku tuliyoalikwa mpaka siku tuliyorudi.

Ndege sikuiogopa. Nilimwogopea Wegesa.

Wegesa ni mdogo wangu, tumbo moja. Toka utotoni alikuwa anaumwa. Nyumbani tulisemaga tu "miguu ya Wegesa," basi. Baridi ikimpiga, au akichoka sana, au akikosa maji, mifupa inamuuma mpaka analia bila sauti. Kaka yetu mkubwa aliondoka kwa ugonjwa huohuo, msimu wa mvua. Mimi nilikuwa machungani. Nilirudi na ng'ombe jioni nikakuta watu wamejaa uani, na hakuna aliyeniangalia usoni. Jina la ugonjwa daktari alishatuambia, lakini kwetu halikutamkwa. Tuliogopa watu wangesema ukoo umelaaniwa, na Wegesa nani angemwoa?

Sasa kikundi kikamchagua yeye. Kilikuwa na haki, maana mkono wake kwenye maziwa hakuna aliyeufikia. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mwenyekiti, tuseme ukweli. Tukaambiwa safari ni mwezi wa nne, kwao ndiyo baridi inaondoka, majani yanachipua, kondoo wanazaa. Lakini juu milimani, wakasema, theluji bado ipo. Niliposikia hivyo nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu.

"Wewe utabaki," nikamwambia Wegesa.

"Nibaki? Kaka, ng'ombe nakamua mimi, maziwa nagandisha mimi, halafu jibini ukajifunze wewe? Wewe hata chai unaunguza!"

"Kule kuna theluji."

"Theluji umeiona wapi wewe? Bunda?"

Nikacheka, yeye akaacha kucheka. Akanishika mkono. "Kaka, naomba kitu kimoja. Rehema asijue. Akijua wataniondoa."

Rehema alikuwa binti wa ofisini kwa kikundi, ndiye kiongozi wa safari, ndiye aliyekuwa na Kiingereza. Nikakubali. Mtu akikuomba hivyo, na ni mdogo wako, unafanyaje?

Halafu nikafanya kile ninachokijua mimi, nikanunua. Nilipita mitumba yote ya Musoma nikichagua majaketi mazito, masweta, kofia za sufu. Nikanunua mabegi makubwa ya magurudumu, ya rangi ya kung'aa, watu wajue anapita nani. Nikajinunulia na suti. Wegesa akaweka dagaa wa Bukima na samli kwa ajili ya wenyeji. Dawa zake akazikunja ndani ya soksi, soksi akazisukuma chini kabisa ya begi, juu yake magauni. Ukifungua begi lile usingejua kama kuna mgonjwa. Tulifurahi kwamba limefungika vizuri. Lakini kila nilipoliangalia pale ukutani nilimwona kaka yetu.

Ndipo Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama, akaja na bodaboda kutoka Buswahili kutuombea safari njema. Hakusalimia sana. Akasema, "Hebu nione mnachobeba." Akafungua zipu, akamwaga.

"Suti tatu! Mwanangu, unaenda kuoa huko?"

"Mama, mimi ni mwenyekiti."

"Haya, mwenyekiti." Akageukia begi la Wegesa. Akatoa magauni, dagaa, samli, akafika kwenye soksi. Akazibana, zikalia kwa vidonge. Akazikunjua, mwanangu, akaweka dawa juu ya mkeka. Halafu akasema taratibu, "Hili ni begi la mtu mzima wa afya. La Wegesa liko wapi?"

Wegesa akaanza kuokota magauni yake.

Akanigeukia mimi. "Akianguka huko barabarani, begi hili liko wapi?"

"Litakuwa kwenye buti, au kwenye gari lingine."

"Na wewe utawaambia nini hao watu?"

"Nitasema miguu inamuuma."

"Watamsugua miguu," akasema. "Watamsugua miguu mpaka afe. Kaka yenu nilimsugua mimi kwa mikono hii, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Sema jina lake."

"Mama..."

"Sema!"

Lile jina sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nikalisema. Siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akanifanya nilirudie, akamfanya na Wegesa alirudie, na Wegesa alilia. Halafu yule mama akaanza kupanga upya kwa mkono wake. Dawa zikaingia kwenye begi dogo la kuning'iniza shingoni, na chupa ya maji, na blanketi jepesi. Begi hilo, akasema, hata chooni aende nalo.

Asubuhi yake tukaenda kwa Rehema. Mimi ndiye niliyesema. Nililitaja jina nikiangalia sakafu, mimi wa fisi. Rehema akatuangalia, akauliza, "Daktari wake anasemaje?" Tukaenda kwa daktari. Akasema anaweza kusafiri, ila anywe maji, asipigwe baridi, na juu kabisa kwenye theluji asifike. Rehema akapanga na wakubwa wa kule kwamba Wegesa atakaa kijiji cha kwanza cha mlimani, chini ya theluji. Hakuondolewa mtu.

Basi tukafika. Milima ile, mwanangu, nisikudanganye, inasimama kama ukuta na barabara imening'inia pembeni. Magari yalikuwa mawili. Rehema na mizigo wakatangulia. Sisi tukapanda la nyuma na dereva na mama mmoja mfugaji aliyekuja kutupokea, jina lake Drita. Habari za Wegesa alikuwa hajaambiwa. Mvua ikaanza. Kioo kikafunga ukungu. Nikasikia Wegesa anapumua kwa kukatakata.

"Kaka. Imekuja."

Akameza dawa, akanywa maji, nikamfunga blanketi. Vyote vilikuwa shingoni kwake. Lakini safari hii haikuwa miguu. Alishika kifua. Midomo yake ikabadilika rangi. Nikaangalia nje, mawe na ukungu. Nikajiambia, ndiyo hapa. Nitamrudisha Mugeta ndani ya sanduku.

Drita akageuka akaniuliza kwa lugha yake. Akaonyesha miguu, akaonyesha tumbo, anauliza ni wapi. Mimi sina Kiingereza, sina lugha yao, nina neno moja tu.

"Siko seli," nikasema. Nikalisema kwa sauti kubwa, kama naita ng'ombe.

Yule mama akaganda. Akalirudia kwa namna ya kwao. Akatoa simu mbiombio, akanionyesha picha ya mtoto wa kiume, mweupe, mwembamba, macho ya njano kama ya kaka yetu. Akajipiga kifua, akanionyesha mtoto, akamwonyesha Wegesa. Halafu akampigia dereva kelele, na gari likageuzwa palepale, likaanza kushuka.

Niliogopa kuliko mwanzo, maana Rehema alikuwa juu. Nikashika kitasa cha mlango nikifikiri wanatupeleka wapi hawa. Drita akanyoosha mkono akanishika wa kwangu, hakuuachia mpaka tukafika hospitali ya tambarare, karibu na bahari. Yeye ndiye aliyeeleza. Wakampokea Wegesa wakijua wanachofanya, wakamwekea hewa na dripu. Mimi nilikaa kwenye benchi na suti yangu, nikisali kwa Kiswahili na kwa kikwetu.

Rehema alipotufikia ndipo akanitafsiria. Kumbe ugonjwa huo upo na kwao, kwenye vijiji vya tambarare. Yule mtoto ni wa dada yake Drita, na hospitali ile ndiyo inayomtibu. Basi ukoo wetu haukulaaniwa, mwanangu. Au kama umelaaniwa, na Wazungu wa Albania nao wamo. Nilicheka peke yangu kwenye benchi, machozi yanatoka.

Wegesa alipona. Mlimani hakupanda tena, lakini jibini alijifunza hukohuko chini, nyumbani kwa dada yake Drita. Ile unayokula kwangu ni mkono wake.

Sasa nasikia begi lako ni zuri na limefungika vizuri. Sijui chini kabisa umeficha nini, kama ni pumu, ni sukari, ni kifafa, au ni woga mtupu. Sikuulizi mbele za watu. Lakini kitu unachokiogopa kuliko vyote ndicho ukipakie mwisho, kiwe juu, mkono ukifike bila kutafuta. Kabla hujapanda gari mwambie mmoja wa unaosafiri nao jina lake, jina kamili, usimung'unye. Mgeni hawezi kukusaidia kwa kitu ulichomficha. Suti moja inatosha.

Nenda mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila kona ya barabara ile, akupe watu wa kukushika mkono pale lugha inapoisha. Na ukirudi ukute ng'ombe wamezaa, kibuyu kimejaa, na sisi wote tupo uani tukikusubiri, usoni tukikutazama.