Bao la Baba Barazani kwa Akida

Juzi mjukuu wangu aliniwekea bao mbele, akanicheka eti wanawake hawajui kucheza. Nilimfunga mara tatu kabla wali haujaiva. Halafu, rafiki yangu, mawazo yakanirudisha Ifakara ya utoto wangu, mwaka ule wa njaa baada ya vita vya Maji Maji.

Baba hakurudi kutoka vitani. Askari wa Mdachi, yule Mjerumani, walichoma nyumba yetu kule Idete, wakabeba mpunga wote wa ghalani, wakachukua na bao alilolichonga baba kwa mkono wake. Tulikula mizizi ya porini, michungu hadi ulimi unakufa ganzi. Jioni bibi alinichimbia mashimo uani kwake Ifakara, tukacheza kwa kokoto ili tusahau matumbo yetu.

Ndipo akida, yule aliyetutawala kwa niaba ya Mdachi, akatangaza mashindano ya watoto barazani kwake. Mshindi angepewa bao. Nilipoliona nikalijua mara moja: lilikuwa la baba. Niliwafunga wavulana wanne, akabaki mtoto wa akida mwenyewe.

"Tunacheza kwa sheria ya nani, bwana akida?" bibi akauliza.

Akida akacheka. "Yenu, bibi. Msije mkasema mmeonewa."

Kwetu, ukigusa shimo umeshalicheza. Yule kijana alikuwa hodari kuliko mimi, sikufichi, na kete zangu zilikuwa zinakwisha. Lakini alizoea kuhesabu kete kwa kuzigusa kwa vidole. Akatumbukiza mkono kwenye nyumba, lile shimo kubwa la kuwekea akiba ya kete.

"Umegusa," nikasema. "Cheza."

Akamtazama baba yake. Baba yake akatazama chini. Ilibidi aisambaze nyumba nzima, nami nikala, nikala tena, mpaka safu yake ya mbele ikabaki tupu, ndiyo kufungwa.

"Mchezo urudiwe!" akida akafoka. "Safari hii kwa sheria yangu!"

Bibi aliliinua bao. Alimwaga kete zote sakafuni, akanitwika bao kichwani.

"Twende, mwanangu. Usigeuke."

Akida akiniita nirudi, tukawapita askari wawili na bunduki zao.

Sasa bibi hayupo. Bao lenyewe lililiwa na mchwa, na palipokuwa na baraza ile watu wamelima mpunga. Watoto wa leo hawajui hata jina la akida, nami silitaji. Ila sauti yake bado naisikia, akiniita nirudi tucheze upya. Aite tu. Mimi sijageuka.