Wifi Yangu na Kitanda Kilichokuwa Wazi

Wifi aliponipigia simu kunialika kwenye safari ya meli, nilijiuliza kwanza anataka nini. Ulikuwa mwaka wa nne tangu mume wangu, ambaye ni kaka yake, afariki. Muda wote huo yeye alikaa Rayners Lane, mimi Croydon, na London ikatutosha bila kukutana. Kwao Taita walitaka maiti irudishwe. Mimi nilimzika London kwa sababu mwenyewe aliniomba, awe karibu na watoto. Hakuna aliyeniamini. Siku ya kikao cha familia wifi alikaa kimya, macho kwenye zulia, huku binamu zake wakiniita mwanamke aliyemnyima mtu kaburi la baba zake.

"Rafiki yangu wa kazini ameugua, kitanda chake kiko wazi," alisema kwenye simu. "Wiki moja, Mediterania. Njoo upumzike, wifi."

"Kwa nini mimi?"

"Basi nimwite nani?"

Binti yangu akanihimiza kwa Kiingereza chake niende, nisije nikazeekea kwenye ile nyumba ya wazee nilikokuwa muuguzi. Nikachukua likizo, tukapanda ndege Gatwick, tukaikuta meli bandarini Uhispania.

Siku mbili za kwanza tuliongea habari za chakula na hali ya hewa. Ya tatu tukashuka Malta. Wifi alinibebea mkoba. Kwenye basi kuukuu la manjano alinipa kiti cha dirishani, na jua lilipozidi akaninunulia kofia. Sokoni muuza matunda alituhesabia machungwa kwa Kimalta, na alipofika sita na saba tukatazamana, maana zilisikika karibu sawa na za kwetu. Wifi akacheka, akanishika mkono. Nikauchomoa polepole, nikajifanya natafuta miwani. Wema wote huu, nikawaza, hauji bure.

Tulikaa kivulini kwenye ngazi za kanisa, tukila vitu kama sambusa vyenye jibini ndani. Hapo ndipo aliponiuliza, "Jiwe la kaburi mmeshaweka?"

"Tuliweka."

"Ni zito?"

"Jiwe ni jiwe, wifi. Uzito wake wa nini?"

"Basi tu."

Nikairudisha sambusa kwenye karatasi yake. Kanisani kwetu nilishasikia habari ya familia iliyomfukua ndugu yao kwa kibali, ikampeleka kwao. Kumbe ndiyo safari yenyewe. Baadaye akanunua kadi ya posta, akaiandika amesimama, na nilipomkaribia akayafunika maandishi kwa kiganja. Niliwahi kuona jina tu. Alikuwa anamwandikia mama yake.

Jioni tuliketi meza moja na mume na mke kutoka Yorkshire ambao walitaka kujua kama sisi ni dada. Wifi akajibu ndiyo. Mimi nikaangalia samaki wangu. Baada ya chakula tukatoka nje, tukavuta viti viwili mbali na wanamuziki. Jua lilikuwa bado halijazama. Sikuweza kungoja tena.

"Sema unachotaka," nikamwambia. "Kama ni kumfukua, jibu ni hapana."

"Kumfukua?"

"Si uliuliza uzito wa jiwe?"

"Niliuliza kwa sababu sijawahi kuliona." Akakigeuza kiti chake kunielekea. "Kaka alinipigia simu kutoka hospitali, wiki moja kabla hajafa. Aliniambia anataka azikwe London. Akaniomba nikusimamie mbele ya ndugu, kwa sababu alijua watakugeukia. Nikamwahidi. Siku ya kikao mama akaanza kulia, mdomo ukanigoma. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na mwezi uliofuata zaidi tena."

Miaka minne nilikuwa mwongo machoni pa familia nzima, na shahidi wangu alikuwa safari moja ya treni kutoka kwangu.

"Na rafiki yako aliyeugua?"

"Hakuna rafiki. London ungeinuka ukaenda zako. Hapa huna pa kwenda."

Kweli sikuwa na pa kwenda. Nilimwacha kwenye kiti chake, nikaizunguka meli mara tatu, na kila mzunguko nilimpita pale pale, ameinamisha kichwa. Mara ya tatu nikasimama. "Utawaambia nyumbani. Kwa mdomo wako, na mimi niwepo."

"Nitawaambia."

Sikumwamini. Asubuhi meli ilipotia nanga Sisilia nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Nikanunua kadi ya simu, nikamfuata hadi kwenye kibanda, nikaushikilia mlango wazi kwa mguu. Akampigia mama yake, akaongea Kitaita, na Kitaita changu ni cha kuombea maji. Nilisikia "hospitali", nikasikia jina la mume wangu mara mbili. Wifi alikuwa analia. Mpaka leo sijui alisema yote au alisema nusu.

Kisha akaninyooshea mkono wa simu. "Mama anakutaka."

Mama mkwe hakuwa amesema nami tangu msiba. Nilijiandaa kwa lolote.

"Watoto hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo, mama."

"Mkubwa amemaliza shule?"

Nikamwambia amemaliza, na kwamba amefanana na baba yake kupita kiasi. Akataka nimtumie picha. Tuliongea hivyo hivyo mpaka kadi ikaisha.