Amelala au Alikufa: Miaka Yangu ya Kujengea Makaburi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa mbele ya abiria. Ilikuwa stesheni ya Malampaka. Nilikuwa na darasa la nne na mikono miwili, basi. Fundi Mkuu aliyekuwa akikarabati stesheni alinipa koleo nichanganye zege, nikamwaga maji bila hesabu. Akaja, akachovya kidole, akanitazama.

"Wewe kijana, hapa tunajenga au tunapikia wagonjwa uji?"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikuondoka. Wenzangu wawili tulioanza nao siku ile walikimbia kabla ya wiki kwisha, wakarudi kuchunga. Mimi nilipotoka Malampaka nilikuwa najua kusuka nondo, kushika pimamaji na kupiga niru. Niru ni ule uji mzito wa sementi unaopakwa juu kabisa ili kazi ing'ae. Sikufundishwa darasani. Nilifundishwa kwa matusi, na matusi yale yalikuwa na faida kuliko vyeti vya vijana wa siku hizi, wanaojenga ukuta unaopinda kama mkia wa mbuzi.

Kutoka pale nilikuja Bariadi, nikaajiriwa na kanisa moja kama fundi wa majengo. Bosi wangu alikuwa Mchungaji Kiongozi, mtu mrefu, mkali, aliyekuwa na funguo za kila kitu kiunoni, isipokuwa za stoo ya sementi alizonikabidhi mimi. Zamani hizo sementi ilitoka kwa kibali. Ungeweza kumaliza mwezi unafuata mifuko mitano ofisini, na ukiipata imeshaganda. Marehemu walizikwa kwa udongo na mawe, na baada ya masika mawili ng'ombe wanapita juu.

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, sementi ikauzwa kama chumvi. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia mpaka kijijini Kasoli, kila mmoja na mzani wake na maneno matamu. Mkulima akiuza pamba, jambo la kwanza alimkumbuka baba yake aliyelala chini ya mawe. Kazi ya kujengea makaburi ikalipuka. Mchungaji akasema kazi hiyo ifanywe na fundi wa kanisa, na fundi wa kanisa ni mimi.

Kaburi hujengwa hivi. Unaweka msingi wa matofali kuzunguka, unamwaga jamvi la zege juu, kisha wenye msiba wanalimwagilia maji asubuhi na jioni siku saba. Zege lisiponyweshwa linapasuka. Siku ya nane unarudi, unapiga niru, na kabla haijakauka unaandika kwa msumari wa inchi sita. Kwa jua la kwetu una muda kama wa kula ugali na kunawa. Ukichelewa, msumari unateleza. Ukikosea, umekosea mpaka siku ya kiama.

Mimi nilikosea kaburi la pili tu. Mchungaji alikuja kukagua, akainama kusoma.

"Fundi, umeandika MALEHEMU."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Ni MAREHEMU. Kwa R, si L!"

"Mchungaji, mwenyewe hajalalamika."

Wazee wa kanisa waligeuka pembeni kuficha meno. Yeye hakucheka. Aliniambia, "Neno la kwenye sementi halina raba. Kuanzia kesho utasoma Biblia sura mbili kabla ya kushika mwiko, na utanieleza ulichosoma." Nilikasirika siku hiyo, leo namshukuru. Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa miaka. Na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa wafu, nilisimama zaidi penye habari za wafu.

Nikaona hivi. Maandiko yanasema mavumbi yatarudi ardhini na roho itamrudia Mungu aliyeitoa. Pengine yanasema wafu wamelala na hawajui lolote. Pengine Yesu anamwahidi mnyang'anyi peponi siku ile ile. Pengine kuna tajiri anayelilia tone la maji motoni. Ruksa ilikuwa imefungua na makanisa pia, kila mtaa na kipaza sauti chake, na kila kanisa lilishika kipande chake. Msabato ananiambia, andika kwamba mama amelala mpaka parapanda. Mlokole anasema, andika yuko peponi tayari. Mkatoliki anataka wapitao waombwe kumwombea. Na mzee wa ng'ombe kutoka huko porini anauliza, "Ukiziba na sementi, masamva watakunywaje?" Masamva ndio wahenga wetu, anaowamwagia pombe. Niliandika nilichoagizwa na kukaa na mawazo yangu.

Lakini kwa makaburi ya kanisa letu palikuwa na sheria moja ya Mchungaji. Aliyebatizwa aandikwe AMELALA, na tarehe. Asiyebatizwa, kama ndugu zake ni waumini na wameomba fundi, aandikwe ALIKUFA, na tarehe. Hapana msalaba, hapana mstari wa Biblia. Watu wote wa Kasoli, hata wasiojua kusoma, walijua kutofautisha maneno hayo mawili kwa umbo tu.

Ndipo akafa mzee Masunga.

Huyu alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba. Jumapili zote alikuja kanisani Kasoli na wake zake wawili, mayu Minza mkubwa na mayu Kabula mdogo; mayu ndiye mama kwa Kisukuma chetu. Wanawake waliingia ndani, kwa kuwa walibatizwa. Yeye alikaa kwenye ngazi ya mlango, kofia magotini, akisikiliza. Alitaka ubatizo, lakini sheria ilisema amwache kwanza mke mmoja. Alijibu mbele ya wazee wote, mimi nikiwepo: "Nionesheni yupi kati ya hawa amekosa, ndiye nimfukuze." Hakuna aliyeonesha. Akaendelea kukaa kwenye ngazi mpaka alipokufa.

Nilimwaga jamvi, nikawaagiza wake zake wanyweshe. Mayu Kabula akanifuata mpaka kwenye baiskeli.

"Fundi, utamwandika nini?"

"Sheria unaijua, mayu."

"Mimi mkinizika mtaniandika nimelala. Yeye alikufa. Basi hatutaonana tena. Ndivyo Biblia inavyosema?"

Nilikwenda kwa Mchungaji, nikamweleza mzee yule na ngazi yake.

"Mlango ulikuwa wazi," akasema. "Hakuingia. Jina na siku, fundi. Usiniongezee kitu."

Wiki ile nilisoma kuliko wiki zote za maisha yangu. Siku ya nane nikarudi Kasoli na mwiko, msumari na kichwa kizito. Nikakuta mayu Minza amekaa mlangoni anachambua mboga, na mayu Kabula yuko kaburini na ndoo, saa nne ya asubuhi.

"Mwambie aache," mayu Minza akanipigia kelele. "Siku saba zimekwisha. Anamnywesha mume kama mchicha!"

"Mayu, inatosha," nikamwambia mdogo. "Limeshakomaa."

Akaweka ndoo chini. "Tumemwagilia zote saba, kama ulivyosema. Sasa ataota lini?"

Mwenzake akacheka mpaka mboga zikamwagika. Na yeye Kabula akacheka, kisha akaacha kucheka, akabaki ananitazama. Ilikuwa mzaha, na haikuwa mzaha. Neno hilo nilikuwa nimelipita kwa kidole juzi yake tu, pale Mtume Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba mwili hupandwa kama mbegu, na mbegu haipati uhai isipokufa kwanza. Nililisoma kama msomi. Yule mama alilisema kama mkulima.

Nikapiga niru. Nikaandika MASUNGA. Chini yake, mahali pa kitenzi, nikaandika ALIPANDWA, na tarehe.

Mayu Kabula akalisoma herufi moja moja. Alipofika mwisho alikwenda akamwegemea mwenzake begani, wakalia wote wawili, kilio cha kwanza nilichosikia nyumbani pale ambacho hakikuwa na hofu ndani yake.

Mchungaji alifika Jumapili. Alipitisha kidole juu ya herufi.

"Nilisema jina na siku."

"Ni jina na siku, Mchungaji."

"Na kitenzi hiki?"

"Kiko kwa Paulo. Wewe ndiye uliyenisomesha."

Akafikiri. Hakuwa mjinga yule mtu. "Mbegu inayopandwa ni iliyochaguliwa, fundi."

"Kweli. Na anayechagua ni mwenye shamba. Mimi na wewe ni vibarua."

Akanyoosha mkono. "Nipe funguo za stoo."

Nikampa. Nilifukuzwa mchana kweupe, nikapanda baiskeli yangu. Kesho yake nilinunua sementi dukani kama mtu yeyote, nikaanza kujitegemea. Nilijenga makaburi ya kila dini Bariadi nzima, nikasomesha watoto, nikajenga nyumba ya bati. Mchungaji naye tuliendelea kusalimiana sokoni mpaka alipostaafu. Hakubadilika, nami sikubadilika. Nilimwambia mara moja, "Tutaulizana huko mbele," akajibu, "Tutaulizana." Hapo tulikubaliana.

Sasa nimeacha mwiko, magoti yamegoma. Vijana wananiuliza mzee, umeishi na wafu, Maandiko yanasemaje hasa? Nawajibu bila kumung'unya maneno. Mwili ni wa udongo. Pumzi ni ya aliyeitoa. Kuna kufufuka, na kuna hakimu, na hakimu ni mmoja. Hapo katikati, kati ya kaburi na parapanda, Maandiko yamesema kwa mifano, usingizi, nyumba, mbegu, kwa sababu sisi ni watu wa kuelewa kwa mifano. Anayekuambia amesoma huko ndani orodha ya majina ya waliopona na waliopotea, mwambie aoneshe aliipatia wapi. Na ukiwa fundi, andika neno ambalo mjane anaweza kuishi nalo na Mungu asione aibu kulisoma. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Mayu Kabula yupo bado. Mayu Minza amemtangulia, naye kwa ombi lake mwenyewe aliandikwa ALIPANDWA kama mumewe, ingawa alibatizwa. Huyu mdogo sasa ni bibi kizee, anakuja mjini na bodaboda kufuata dawa za macho, na akipita kwangu anasimamisha pikipiki nje ya ua na kupaza sauti.

"Fundi! Hajaota?"

"Bado, mayu!"

"Basi ni mvua tu imechelewa," anasema, na kumgonga kijana wa bodaboda begani waondoke.