Bia Ilichacha, Kijiji Kikanyamaza

Saa nne asubuhi, Glenys Tranter anapima chumvi kwa mizani ya jikoni. Anaitia kwenye sufuria ya nyama ya kondoo, anakoroga, anafunika. Haonji. Mpishi gani huyo asiyeonja?

"Nionje nini, na ulimi wangu ni kama kipande cha ubao?" anasema, akijifuta mikono kwenye aproni.

Glenys, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, anaendesha Kondoo Dume, baa kongwe ya mawe katika kijiji cha Clunbatch, kwenye vilima vya Shropshire, Uingereza. Chini kuna kaunta na meko ya kuni, juu kuna vyumba vitatu vya kulaza wageni. Zamani, Jumapili mchana ungekula umesimama. Leo, Ijumaa, wapo mbwa wake na mwandishi wa makala haya, basi.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, wiki chache baada ya kumzika mumewe Desmond, Glenys aliugua mafua makali. Yalipoondoka, yaliondoka na pua yake na ulimi wake. Hakumwambia mtu. Nani angekwenda kula kwa mpishi asiyesikia hata harufu ya kitunguu? Lakini mficha maradhi, jamani, kifo humuumbua.

Chakula alikimudu kwa mizani. Kilichomponza ni bia. Bia ya huku haina gesi ya kuihifadhi. Pipa likishafunguliwa, siku tatu nne tu linaanza kuchacha. Desmond ndiye aliyekuwa akionja kila asubuhi. Alipofariki, Glenys akabaki kutegemea vinywa vya wateja.

"Kila ninayempa glasi namuuliza, 'Vipi, iko sawa?' Kila mmoja ananijibu, 'Nzuri kabisa, asante.' Sasa mimi ningejuaje?"

Angejuaje, kweli? Mpelekee mtu wa vilima hivi supu baridi yenye nzi, atakuambia ni tamu, atalipa, atakushukuru, na hutamwona tena maishani. Wenyewe wanauita ustaarabu.

Wakapungua mmoja mmoja. Glenys akadhani ni hali ngumu ya maisha, au ni huzuni yake inayowafukuza. Na kadiri walivyopungua, pipa lilikaa siku nyingi zaidi, na bia ikazidi kuchacha.

Aliyesema ukweli ni mgeni kutoka Poland, dereva wa lori la maziwa aliyelala hapo Februari mwaka huu. Alipiga funda moja, akaisukuma glasi. "Mama, hii ni siki."

Glenys akatoka na aproni yake mpaka kwa Wilf Bebb, mfugaji mstaafu wa kondoo, mteja wake wa miaka thelathini. Mazungumzo yao wote wawili wanayasimulia kwa namna moja.

"Wilf, bia yangu ilikuwa imeharibika?"

"Ah, bibie... haikuwa mbaya. Ilikuwa na ukali kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu kondoo walipozaa. Si mwaka huu. Mwaka jana."

"Na wewe ulikuwa ukiinywa?"

"Nilikuwa nikiimwaga kwenye chungu cha maua, pale dirishani."

"Mungu wangu! Na mimi nikasema yameuawa na baridi! Mbona hukuniambia, mzee mzima wewe?"

"Ulikuwa umefiwa, Glenys. Nani angekuwa na moyo huo?"

Hapo Glenys anageukia dirisha, analia.

"Wameniua kwa huruma," anasema baadaye. "Heri wangenitukana. Wangenirushia glasi usoni. Ningekuwa na wateja wangu mpaka leo."

Kampuni inayomiliki jengo imekwisha kumwambia: wateja wasiporudi, mwisho wa Septemba baa inafungwa, panageuzwa nyumba ya mapumziko ya watu wa mjini. Tumaini lake lote liko kwenye chakula cha mchana cha keshokutwa, Jumapili: nyama ya kuoka na pipa jipya la bia. Amebisha hodi kila nyumba kuwaalika, na safari hii hakuficha habari za pua yake.

"Wakasemaje?"

"'Bila shaka, mpenzi, tutakuja.' Wote. Wakitabasamu." Anacheka, lakini hakuna furaha ndani yake.

Kisha anakinga glasi kutoka pipa hilo jipya, alilolifungua asubuhi hii, na kuiweka juu ya kaunta. "Onja. Niambie ukweli, usinihurumie."

Mwandishi anaonja. Ni bia njema, chungu kiasi, safi, haina dosari. Anamwambia hivyo. Anarudia. Anaapa.

Glenys anamkazia macho.

"Na wewe pia," anasema.

Anaimwaga glasi kwenye sinki, kisha anashuka kwenye ghala la chini ya sakafu kumwaga pipa lote.