Chupa ya Kwapani

Daktari wa mifugo wa Mwala hasalimii mtu kwa mkono. Hushuka kwenye bodaboda akiwa amebana kwapa la kulia, akikuitikia kwa kichwa tu, na Nzembi alishaamua zamani kwamba anaringa. Jana asubuhi mbuzi wa Nzembi mwenye mimba alishindwa kusimama. Daktari alipiga magoti, akachomoa chupa kwapani. "Pole, mama," alimwambia mbuzi. "Watoto wanajenga mifupa huko ndani, wamekumalizia kalsiamu." Kisha akamgeukia Nzembi. "Dawa hii ikiingia baridi itashtua moyo wake. Lazima niipashe joto njiani." Akaipitisha polepole kwenye mshipa wa shingo, akipapasa lile tumbo, mpaka mbuzi akainuka akiyumba. Ndipo, kwapa likiwa tupu, akanyoosha mkono. "Mama, habari ya asubuhi?" Nzembi akaupokea kwa mikono miwili.