Shangazi Alivyolikataa "Nampenda" Langu

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu. Tulikuwa shambani Michenga, mpunga umeanza kuinama, na kazi yetu wasichana ilikuwa kuamia ndege. Unapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, alfajiri, kombeo mkononi, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Ukisinzia kidogo tu, kwelea wanashuka jeshi zima, na mwaka huo mnakula mihogo.

Nilikuwa mzuri, sijisifu, waulize waliobaki. Kijana mmoja wa Lumemo, Damiani, mvuvi, alikuwa ameleta posa. Wazee wake wangekuja Jumapili baada ya misa kuchukua jibu. Kwetu jibu halitoki kwa baba. Baba anamuuliza dada yake, na dada yake anamuuliza binti. Shangazi akikataa, pameisha hapo, watu wanavaa viatu wanaondoka.

Basi shangazi Tekla akanifuata shambani. Mwanamke mfupi, mdomo kama wembe. Akasimama chini ya dungu, kupanda hakupanda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huyo Damiani wako vipi?"

"Nampenda."

"Hata kambale wa kuchoma unampenda. Sema kwa neno jingine."

"Nimemzimia, shangazi."

"Aliyezimia anamwagiwa maji anaamka. Wewe ukiamka itakuwaje?"

"Basi ananivutia."

"Mto nao unavuta, na tumezika watu."

"Basi namtamani!" nikapayuka, ndege wakaruka wenyewe.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hilo angalau la kweli. Lakini tamaa haitakuchotea maji ukiwa umejifungua. Jumapili niwaambie nini wazee? Ukikosa la kusema, mimi nakataa." Akageuka, huyoo.

Nililia, mwanangu. Nilimwona mchawi kabisa. Nikabaki juu kule natafuta neno, hata la Kindamba nikalijaribu, likagoma. Badala ya neno likanijia jambo. Kabla ya hapo niliwahi kushikwa na homa, nimelala kibandani natetemeka, na mama peke yake hawezi shamba lote. Damiani akapita na samaki wake. Hakuja kunikodolea macho. Aliwaweka samaki kivulini, akapanda dungu, akaamia ndege mpaka jua likazama. Vijana wenzake wakapita njiani wakamzomea: "Jamani, Damiani kawa binti! Tumletee kanga?" Naye akawajibu kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Leteni, jua kali huku." Aliposhuka, samaki wameharibika. Akamkabidhi mama kombeo, akaenda zake bila kudai hata shukrani.

Kesho yake nikamfuata shangazi, nikamkuta anatwanga. Sikutaja kupenda. Nilimsimulia siku ile ya homa, na samaki, na kanga. Akaacha mchi. "Mtoto mjinga wewe, mbona ulikuwa unanisumbua na kuzimia?" Jumapili wazee wakanywa togwa yetu, wakaondoka wanaimba. Ndiye huyu babu yenu. Tunagombana kila masika, na mpaka leo samaki akiwa na miba mingi ananichambulia.

Sasa nawasikia ninyi wa simu. "Bibi, yule kaka namwelewa." "Namkubali kinoma." Semeni tu, na sisi tulikuwa na maneno yetu. Mimi shule niliiacha mapema, ila hili nalijua: kutamani ni kazi ya macho, kupendelea ni kumchukua huyu ukamwacha yule, na kupenda kunataka ushahidi. Kabla hujamleta mtu kwa wazee, liweke kando hilo neno, umwelezee kwa aliyoyafanya siku ambayo hakuwa na faida yoyote kwako. Halafu jiulize, na yeye akuelezee kwa lipi? Ukiona lipo la kusimulia, nenda wala usiogope. Vijana wema wamejaa bonde hili, macho yangu yanawaona. Ukiona hakuna, ngoja, futa machozi, hujachelewa popote.

Mungu akupe wa kuzeeka naye mkinyang'anyana blanketi, mwanangu. Nyumba yenu isikaukiwe mchele wala kicheko, na watoto wenu wakue wakiona mnavyotazamana.